Acheni kuwaambia wanaoanza mauzo "tuma nyingi tu"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa wasomaji niongee na hawa wanaowafundisha vijana mauzo, manake kuna ushauri unazunguka kila kona na mi mwenyewe umeniponza: eti mauzo ni hesabu tu, tuma imeili elfu moja kwa watu wasiokujua, wakijibu watano umeshinda.

Nlivoanza nliamini kabisa. Nlikuwa natafuta kazi za kurekebisha tovuti za biashara ndogo, mteja sina hata mmoja, nikaokota orodha ya anwani kama mia tatu hivi, nikaandika barua moja tamu (tamu kwangu mimi), wote nikawarundika kwenye BCC (ile sehemu ya anwani ambazo wapokeaji wengine hawazioni), nikabonyeza tuma usiku af nikalala naota invoisi. Asubuhi inboksi imefurika, moyo ukanidunda, kumbe ni majibu ya mashine: anwani haipo, anwani haipo, mtu yuko likizo, anwani haipo. Binadamu walikuwa wawili. Mmoja kaandika neno moja, "Nitoe". Mwingine kauliza nimeipata wapi anwani yake, na hapo sikuwa na jibu la maana. Wiki iliyofuata hata imeili zangu za kawaida, mpaka nliyomwandikia ndugu yangu, zikawa zinatua kwenye spamu, folda ya barua taka.

Sasa hapo ndo hesabu yao inapokufa. Google na Yahoo walikaza sheria zao Februari 2024, na Google inataka malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3 kwa mtumaji yeyote, yaani watu 3 tu katika kila 1,000 wakibonyeza kile kitufe cha kuripoti spamu umeshaharibu jina la domeni yako (lile jina linalofuata @ kwenye anwani yako). Unafurahia watano waliojibu, watatu waliochukia hujawahesabu, na hao ndo wanaoamua kama barua ya kesho itafika! Wanaotuma 5,000 kwa siku na zaidi wana masharti mengine juu yake, lazima SPF, DKIM na DMARC (mipangilio ya domeni inayothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli) zote ziwepo na mtu aweze kujitoa kwa kubonyeza mara moja, lakini hata wewe wa imeili kumi SPF au DKIM inakuhusu, mwombe aliyekuuzia domeni akusaidie kuiweka, sio kazi ya siku nzima.

Na yule aliyeniuliza nimepata wapi anwani yake, kumbe kwa Ulaya hilo ni swali la kisheria kabisa, GDPR, sheria yao ya kulinda taarifa binafsi inayotumika tangu 2018, inampa mtu haki ya kuuliza hivo na wewe unatakiwa ujibu. Marekani nako sheria yao ya CAN-SPAM ya 2003 haikukatazi kumwandikia mtu usiyemjua, ila inakutaka usidanganye kwenye kichwa cha barua, uweke anwani yako ya posta ya kweli, na mtu akisema basi umtoe ndani ya siku 10 za kazi. Cheki sheria ya huko aliko unayemwandikia kabla hujatuma.

Wanaotetea kumwaga barua hupenda kumtaja Gary Thuerk wa kampuni ya Digital, aliyetangaza kompyuta kwa watu karibu 400 kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, mwaka 1978, eti watu walikasirika lakini mauzo alipata. Sawa, ila yeye alikuwa wa kwanza jamani, sa hivi wewe ni wa ngapi kwenye inboksi ya mtu leo asubuhi?

Nlichobadilisha mimi ni kimoja tu, nikaacha kuandika kuhusu mimi. Nikachukua biashara kumi kwa wiki, kila moja naifungua kwenye simu kama mteja wake, nabonyeza kila kitu, najaza fomu, nasubiri. Ya nne au ya tano hivi nikakuta kitu, nikaandika hivi, kichwa kikiwa "Fomu yenu ya kuomba bei":

"Habari. Leo nimejaribu kuomba bei kwenye tovuti yenu kwa kutumia simu. Kile kibango cha vidakuzi kinafunika kitufe cha kutuma, na ukikifunga fomu inajifuta yote. Nadhani kuna watu wanaoishia hapo. Narekebisha vitu kama hivi, nikutumie picha ya nlichokiona?"

Basi. Hakuna kiambatisho, hakuna linki, hakuna "natumaini ujumbe huu unakukuta salama", hakuna "sisi ni kampuni inayoongoza" wakati uko peke yako na laptopu. Swali la mwisho linajibika kwa neno moja hata mtu akiwa amesimama kwenye foleni. Usiku ule wa mia tatu barua yangu ilikuwa na aya sita na ilimwomba mtu nusu saa ya kikao, nusu saa, kwa mtu ambaye hata jina langu hajalizoea!

Mwenye biashara hakujibu. Baada ya siku nne nikamwandikia tena chini ya barua ileile, safari hii nikampa kitu kipya, kwamba kwenye kompyuta fomu inafanya kazi vizuri kwa hiyo inawezekana ofisini kwenu hamjawahi kuliona tatizo. Sikuandika "nakukumbusha tu", manake hiyo ni kumdai mtu deni asilokopa. Ningempigia hodi moja ya mwisho af ningeachana naye, lakini siku hiyohiyo akajibu: "Ni kweli, tumeliona. Utatufanyia kwa bei gani?"

Mhariri, hapo ndo nikagundua miezi yote ile nimejifunza kubisha hodi, mlango ukifunguliwa sina la kusema. Bei sikuwa nayo. Nikakaa siku mbili naandika namba nafuta, naogopa ya juu naonea aibu ya chini, siku ya tatu nikamtumia na akaniambia wameshampata mtu mwingine. Kwa hiyo mkiandika tena kuhusu kutafuta wateja kwa imeili, wekeni na hilo la bei, awe nayo kabla hajatuma hata barua moja.

Wako,
Msomaji anayeendelea kujifunza kuuza