Dodoso la ustahimilivu: someni kabla ya kesho

Wapendwa, dodoso tutakalowapa wanafunzi wa wodini, la kupima ustahimilivu (uwezo wa kuinuka tena baada ya shida), lina sentensi 6, majibu 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa). Sentensi ya 2, 4 na 6 zimeandikwa kinyume (anayekubali anaonyesha ustahimilivu mdogo), hivyo mkiingiza data geuzeni: 5 iwe 1, 4 iwe 2, na kinyume chake; 3 ibaki. Msipogeuza, wastani wa kila mwanafunzi unasogea karibu na 3 na tofauti zinapotea. Kisha jumlisheni, gawanyeni kwa 6. Wastani chini ya 3 ni ustahimilivu mdogo.

Mwanafunzi aliyetoka zamu ya usiku asubiri siku nyingine, la sivyo tutapima uchovu badala ya ustahimilivu. Mkufunzi wa wodi atoke nje kabisa, tafadhali! Mbele yake nani atakiri kwamba amelemewa? Fomu za ridhaa zikae kwenye bahasha ya peke yake. Akilia mtu, simamisheni, mnipigie.

Wa Temeke, foleni mnaijua, tokeni mapema.