Ukisaga jiwe, usisahau maji

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wenzangu wanaojiundia mashine za kusagia mawe nyumbani. Yangu nimeiunda kwa diski sita za almasi, zile za kukatia vigae, nikazibana pamoja kwenye shafti moja mpaka zikawa gurudumu nene. Mishale iliyochorwa kwenye diski kuonyesha zizunguke upande gani yote inaelekea upande mmoja, na mwendo wa mota hauzidi kiwango kilichoandikwa kwenye diski. Kwatzi, jiwe gumu ninalosaga, ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs (kipimo cha ugumu wa madini, kutoka 1 hadi 10), almasi 10, kwa hiyo jiwe halina ujanja.

Tatizo ni vumbi. Siku ya kwanza nilisaga pakavu. Ndani ya dakika chache kope zangu zilikuwa nyeupe, na ulimini nikahisi kama nimelamba chaki. Vumbi lile ni silika, yaani kitu kinachounda kwatzi: likiingia ndani kabisa huacha makovu kwenye mapafu, na ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba ya kuuondoa.

Sasa maji yanadondoka juu ya gurudumu muda wote, mota nimeikinga yasiifikie, na barakoa ya vumbi laini siivui. Jamani, msianze bila maji, hata kwa kajiwe kamoja.

Msomaji wako,
Mpenda mawe