Feni Zinazunguka, Skrini Nyeusi: Kagua Haya Kabla ya Kurudisha Vifaa Dukani

Umenunua vifaa Kariakoo, umeunga kompyuta nyumbani, umebonyeza swichi. Feni zinazunguka, taa zinawaka, picha hakuna. Usikimbilie kurudisha prosesa (chipu kuu ya kompyuta). Mara nyingi kuna kitu hakijakaa sawasawa, na bisibisi ya nyota inatosha kukitafuta.

Kama pawasaplai (boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta) ni ya mtumba, tazama nyuma kabla ya kuchomeka. Baadhi zina swichi nyekundu ya 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Ikiwa kwenye 115, italipuka palepale.

Waya wa monita uingie kwenye kadi ya grafiki, siyo kwenye madabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote). Prosesa za Intel zenye F mwishoni, mfano i5-12400F, hazina grafiki ndani, kwa hiyo tundu la madabodi halitatoa picha kamwe.

Kosa tunaloliona sana sisi mafundi ni waya wa umeme wa prosesa. Ukiacha ule mkubwa wa pini 24, kuna wa pini 8 unaoingia juu ya madabodi, jirani na prosesa. Husahaulika kwa sababu feni huzunguka hata bila huo. Usiuchanganye na wa kadi ya grafiki: wa prosesa hugawanyika nne kwa nne, wa kadi sita kwa mbili. Ukigoma kuingia, usilazimishe.

Ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) nayo inataka nguvu kidogo. Sukuma mpaka usikie mlio wa kufunga. Madabodi nyingi za nafasi nne hutaka ramu moja ikae nafasi ya pili kutoka kwenye prosesa, na mbili zikae ya pili na ya nne. Kwa ramu za aina ya DDR5 vumilia: mara ya kwanza mashine huipima ramu, na skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa. Ukizima katikati, inaanza upya. Subiri dakika kumi.

Madabodi nyingi za sasa zina taa ndogo zilizoandikwa CPU (prosesa), DRAM (ramu), VGA (kadi ya grafiki) na BOOT (diski ya kuwashia). Itakayobaki inawaka ndiyo inakuonyesha pa kuanzia. Ikibaki CPU, huenda BIOS (programu ya kuwashia iliyomo kwenye madabodi) ni ya zamani kuliko prosesa, kama prosesa ya AMD Ryzen 5000 kwenye madabodi ya B450 iliyokaa muda mrefu dukani. BIOS husasishwa, lakini tafadhali usifanye hivyo bila UPS (betri ya akiba ya umeme): umeme ukikatika katikati, madabodi inaweza isiwake tena.

Bado kimya? Toa madabodi kwenye kesi, iweke juu ya boksi lake la karatasi, ubakize prosesa na feni yake, ramu moja na pawasaplai. Kadi ibaki tu kama prosesa haina grafiki. Gusanisha pini mbili za swichi ya kuwashia zilizo kwenye madabodi kwa ncha ya bisibisi, sekunde moja tu. Ikitoa picha hapo, kuna shoti ndani ya kesi. Tafuta kishikizo cha shaba cha kubebea madabodi kilichofungwa mahali pasipo na tundu la skrubu.

Ukishindwa, tuletee madabodi, prosesa, ramu na pawasaplai kwa pamoja, maana kifaa kimoja peke yake hakipimiki. Prosesa iache kwenye soketi yake. Pini za soketi za Intel ni nyembamba mno, na zikipinda njiani dukani hawatakubali warantii.