Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: tuulizeni kwanza, michango itafuata

Shikamoo Profesa.

Nakuandikia kutoka Lindi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nilihitimu Mlimani, hapo chuoni kwako, mwaka 2003. Sikuwa mwanafunzi wa kutajika. Nilikaa Hosteli ya Mabibo, nikajisomea kwenye vimbweta, zile meza za saruji za nje, mpaka giza linifukuze, na sapu moja (mtihani wa kurudia) ya mwaka wa pili ilininyima usingizi likizo nzima. Miaka yote hiyo tulivuka Rufiji kwa pantoni, na mvua zikikolea unaweza kulala ng'ambo. Daraja la Mkapa lilifunguliwa Agosti mwaka ule ule niliomaliza. Mama alilipita likiwa bado jipya, akaja kwenye mahafali na kulishika joho langu kana kwamba ni mtoto mchanga.

Nimeanza na hilo kwa sababu wengi tuliotoka kusini kwenda Mlimani tulikuwa tunakwenda mbali kweli. Sasa Mlimani wenyewe unakuja kwetu. Kampasi mnazojenga Lindi na Kagera kupitia mradi wa HEET, unaogharamiwa na mkopo wa dola milioni 425 wa Benki ya Dunia kwa elimu ya juu nchini, zimenipa furaha ambayo sikuitegemea katika umri huu. Furaha hiyo ndiyo imenifanya niandike.

Chuo kinapozungumzia wahitimu wake, majina yanayotangulia ni yale makubwa. Rais mstaafu Kikwete, aliyehitimu uchumi mwaka 1975, ndiye Mkuu wa Chuo. Hayati Magufuli alipita hapo, Museveni wa Uganda alipita, na Willy Mutunga aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya alisoma sheria hapo hapo. Najivunia hao wote na wanafunzi wangu nawasimulia habari zao. Lakini Profesa, sehemu kubwa ya wahitimu wako haitajwi gazetini. Ni mwalimu wa fizikia aliye peke yake katika shule ya kata, mhandisi wa maji wa wilaya, hakimu wa mahakama ya mwanzo, mhasibu wa chama cha ushirika anayekesha msimu wa korosho. Hao wanaijua nchi hii kijiji kwa kijiji. Ombi langu ni kwamba muwaulize wanachokijua kabla hamjawaomba walichonacho mfukoni.

Ndugu yangu mmoja, aliyesoma chuo kingine ambacho sitakitaja, amepigiwa simu na chuo chake mara mbili tu tangu ahitimu, na mara zote mbili ilikuwa harambee. Mara ya pili hakupokea. Si mchoyo hata kidogo, kwani amesomesha watoto wawili wa jirani. Aliona tu kwamba kwa watu wale yeye ni namba ya simu. Na hali ya watu tuielewe: wadogo zetu waliosoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo wanakatwa asilimia 15 ya mshahara tangu sheria ibadilishwe mwaka 2016. Mtu wa namna hiyo ukimwanza kwa mchango, unamwanza pale panapouma.

Huku kwetu kuna kisa ambacho kila anayepanga jambo kubwa kusini angepaswa kukisikia. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Zikaja tingatinga, mapori yakafyekwa, reli ikajengwa kuelekea Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na baadaye hata reli ikang'olewa. Mvua hazikuja zilivyopangiwa ofisini, na udongo wa Kongwa ulipokauka uligeuka kama saruji. Wakulima waliokuwa wakiishi na mvua zile na udongo ule walikuwepo muda wote. Wazee wa Nachingwea walitusimulia hili tukiwa watoto, na mimi nalifundisha kila mwaka kwenye somo la historia.

Siifananishi kampasi na karanga zile. Nataka ianze kwa faida ambayo mradi ule haukuwa nayo: hapa Lindi mna watu wenu tayari. Wapo wahitimu wenu wanaojua kwa nini ghala fulani hukataa korosho, ufuta unafikaje mnadani, na kwa nini msichana wa kidato cha sita hajazi Mlimani kwenye maombi yake hata akiwa na daraja la kwanza. (Aghalabu ni suala la pa kulala. Wazazi wanauliza hilo kabla ya ada.) Waiteni siku mbili kabla mitaala ya kampasi haijafungwa. Tutakuja kwa nauli zetu.

Kuna njia nyingine isiyohitaji bajeti mpya. Kila mwaka wanafunzi wa ualimu huja kwenye shule zetu kwa mazoezi ya kufundisha, na wahadhiri hufuata kuwapima. Tunaowapokea, tunaowatafutia chumba na kuwaonesha namna ya kutuliza darasa la watoto themanini, wengi wetu ni wahitimu wenu. Safari hiyo iongezwe nusu siku. Mhadhiri akishamaliza fomu zake, aketi nasi kwenye chumba cha walimu, atuulize hawa vijana wanakuja wakiwa na upungufu gani. Nina mambo ya kumwambia. Kwa mfano, wanalijua somo vizuri, lakini hawajui kuandaa jaribio la maabara kwa chupa za maji na mishumaa, na hapa hicho ndicho tulicho nacho.

Kuhusu orodha, Baraza la Masajili tayari linatukusanya kama wahitimu. Naomba daftari lake lipangwe pia kwa wilaya na kwa kazi, siyo kwa mwaka wa kuhitimu peke yake. Mkuu wa kampasi ya Lindi akiamka asubuhi akimtaka mhandisi, mwanasheria au mwalimu wa kemia aliye karibu, ampate kwa simu moja.

Michango nayo isiogopwe. Ikifika wakati wake, iwe midogo, ilipwe kwa simu kwa kontroli namba (namba maalumu ya malipo), na mwisho wa mwaka kila aliyetoa, hata kama ni elfu tano, aambiwe imenunua nini. Mwalimu akijua elfu tano yake imo kwenye meza ya maktaba ya Lindi, mwakani atatoa tena, na atawavuta wenzake.

Jambo la mwisho ni Tendaguru, na naomba univumilie kwa sababu nalipenda. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kwenye kilima hicho, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu kutoka Lindi mjini. Wapagazi wa huku waliibeba vichwani na mabegani hadi bandarini. Leo mmoja wa wanyama hao amesimama Berlin, akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Wanafunzi wangu wamemwona kwenye picha tu. Mmewafunza wanajiolojia na wanaakiolojia kwa miongo mingi, na baadhi yao wameishi Ujerumani. Wakusanyeni, waombeni waje waifundishe Tendaguru hapa hapa, na watoto wa Lindi wakae mstari wa mbele.

Shule yetu ina darasa moja lenye viti arobaini na feni inayofanya kazi. Jumamosi halitumiki. Nimeshamwomba mkuu wa shule, naye amekubali litumike siku mtakapotuma mtu wa kuzungumza nasi.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa sekondari, Lindi
Mhitimu wa mwaka 2003