Barua kwa mwanangu: usitoe hiyo pesa kwanza

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, isipokuwa mama yako na mgongo wake, na mimi na usingizi. Usingizi umenipaa tangu Alhamisi, mjomba wako aliponipigia kuniuliza kama nina habari kwamba unamkopa shilingi 1,200,000. Sikuwa nayo. Nikamjibu ninayo, maana sikutaka ajue kwamba binti yangu siku hizi anaanzia kwa mjomba. Hilo tutaliongea ukija.

Leo nina moja tu: usitoe hiyo pesa. Kama hujaitoa, iache ilipo. Kama umeshaitoa, niambie leo leo.

Mjomba anasema ni kozi ya wiki nane ya kutengeneza tovuti, na mwenye kozi ameahidi kazi kwa kila atakayemaliza. Mwanangu, nimeandika vibao miaka 31. Vijana niliowafundisha kushika brashi siwezi kuwahesabu, na sikumwahidi hata mmoja kazi, kwa sababu kazi ziko kwa wateja. Huyo bwana zake anaziweka wapi?

Nilimwita mdogo wako nikamwambia, hebu nionyeshe hayo mambo yanafundishwa wapi. Tumekaa siku tatu baada ya isha, yeye anasoma, mimi nasikiliza, bando langu. Mwanzoni nilipotea, kila akisema "kodi", yale maandishi ya kuiamrisha kompyuta, nawaza kodi ya chumba chako cha Sinza, ambayo nayo hujaniambia kama umelipa. Lakini nimeelewa kuliko unavyodhani.

Nimeelewa kwamba Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, aliandika pendekezo la hii wavuti, hizi kurasa za mtandaoni zinazofungamana, mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi, na tarehe 30 Aprili 1993 wale CERN wakakiachia ulimwengu mzima bila malipo. Nilimwambia mdogo wako asome tena hapo. Bila malipo. Sasa kitu chenyewe kimetolewa bure, na mafundisho yake yamejaa bure, huyo wa Dar anachukua milioni na laki mbili za nini? Za kiyoyozi?

Hebu hesabu tovuti za kujifunzia. Ile ya Mozilla, MDN, ipo tangu 2005. Mdogo wako anasema hata mafundi wakubwa hurudi pale kuuliza neno, kama mimi ninavyogeuza kopo la rangi kusoma kipimo cha tina baada ya miaka yote hii. Kuna W3Schools ya Wanorwe, ya 1998, unaandika upande huu na kuona upande ule. Kuna freeCodeCamp, imeanza 2014, inatoa hata cheti bila senti, lakini cheti hakipatikani kwa kutazama, kuna kazi za kujenga kwa mkono wako. Na ile The Odin Project nimeipenda kwa tabia yake: inakutuma ukasome kwa watu wengine, kisha inakurudisha ujenge. Mengi ni ya Kiingereza, najua. Hicho Kiingereza ndicho nilichokilipia ada.

Sasa usimgombeze mdogo wako kwa hili. Ameniambia laptopu yako ina masomo ya video zaidi ya 200 uliyopakua. Nikafurahi, nikasema kweli mtoto anajituma. Nikamuuliza, na tovuti alizomaliza ni ngapi? Akaanza kutafuta chaja.

Ndiyo maana nasema usitoe hiyo pesa. Masomo hujayakosa. Ukilipa, utapata somo la 201.

Mimi nilijifunza kwa kusimama mbele ya vibao vya watu hapa Ngamiani mpaka wenye maduka wananifukuza wakidhani nina nia mbaya. Niliona herufi imekaa vizuri, ila sikuweza kujua fundi alianza na mstari gani, rangi gani ilitangulia, alipokosea alifutaje. Ninyi mnafunua tu! Mdogo wako alibonyeza kitufe cha kulia cha ile panya, akachagua, ukurasa mzima ukafunua matumbo yake, kodi yote ikaonekana. Nikamwambia basi dada yako ana nini cha kulia? Chukua ukurasa mmoja unaoupenda, uufunue, uujenge upya kuanzia karatasi tupu mpaka mwisho. Halafu uufute, usije ukaiweka kazi ya mtu kwa jina lako. Kunakili kwa kujifunza sisi sote tumefanya, ila kibao cha kunakili hakiandikwi jina la fundi.

Kuna kitu kimoja alinionyesha nikasahau hata taarifa ya habari. Kinaitwa CSS Zen Garden. Mkanada Dave Shea alikianzisha mwaka 2003. Maneno ni yale yale, HTML, yaani mifupa ya ukurasa, ile ile, hairuhusiwi kugusa. Kila fundi analeta CSS yake tu, yaani rangi na mpangilio. Basi utaona ukurasa huu una maua, huu kama gazeti la zamani, huu giza tupu, na ukisoma ni maneno yale yale! Ni kama mafundi kumi mmepewa jina moja la basi. Pale ndipo nilipoelewa kazi yako ni nini, na nasema kwa kinywa changu kwamba ni kazi. Nilikuwa nikiita kubofyabofya. Mama yako amenikumbusha niliyoyasema siku ile mezani, nimemwambia apunguze sauti.

Kuhusu zile picha nzuri unazotafuta kila siku kwa ajili ya "msukumo" kwenye tovuti za kuonyeshea michoro, Dribbble, Behance na wenzao. Tumezitazama. Ni nzuri. Lakini nyingi pale ni mchoro tu, mlango umechorwa ukutani, ukisukuma unaumia mkono. Hakuna anayejaza jina refu la Kinyamwezi kwenye kile kisanduku kidogo, hakuna simu yenye kioo kilichopasuka. Tazama, lakini usikeshe hapo. Fungua sanduku la mama yako la kanga. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, ina jina lake chini. Hujawahi kuona jina limekaa juu ya pindo, wala mji umelimeza jina. Mwenye kusoma anajua macho yaende wapi hata kama mwenye kanga anatembea haraka. Mdogo wako ananionyesha nanyi mna mistari yenu, mnaiita gridi. Uzi wa chaki unaujua, sina la kukuongezea hapo.

La rangi nitaliongeza, kwa sababu linanihusu. Hizi herufi zenu za kijivu juu ya nyeupe nani amewafundisha? Macho yangu yameanza utando, daktari wa Bombo ameniambia nisubiri, na kurasa nusu alizonifungulia mdogo wako niliona ukungu. Kumbe hata wenyewe mna sheria! Ile miongozo ya WCAG, ya kufanya kurasa zisomeke hata na wenye macho kama yangu, inataka maandishi ya kawaida yapishane na nyuma yake kwa mwanga angalau 4.5 kwa 1. Mimi sikuwa na kipimo. Nilikuwa nikiweka kibao juani saa saba mchana, narudi hatua thelathini, nakunja jicho moja. Nisipokisoma nafuta. Wewe nawe toka nje na simu yako saa saba mchana.

Na iwe simu ya mtu wa kawaida. Fundi mmoja wa tovuti, Ethan Marcotte, aliandika mwaka 2010 namna ya kufanya ukurasa mmoja ujikunje na kujikunjua kulingana na kioo, na bado nimekutana na tovuti ambazo lazima nizivute kwa vidole kushoto na kulia kama natafuta kijiji kwenye ramani. Mojawapo ilikuwa na picha moja kubwa ya watu wanacheka ofisini. Bando la shilingi 500 likaisha kabla meno yao hayajaonekana yote. Nilitaka namba ya simu tu.

JavaScript, ile lugha ya kuufanya ukurasa utende kazi, sitaisemea, imenishinda. Nimesikia tu kwamba Brendan Eich aliitunga kwa siku kumi mwaka 1995, na nyinyi mnahangaika nayo miaka. Hapo mtu akikuambia wiki nane zinatosha, mcheke.

Basi sikiliza nilivyoamua. Shangazi yako wa Pangani ana vile vyumba vitatu vya wageni. Mtengenezee ukurasa. Mmoja tu. Jina la mahali, bei ya chumba, kifungua kinywa kipo au hakipo, picha tatu ulizopiga wewe na ukazipunguza uzito, ramani kutoka stendi, namba yake ambayo ukiigusa inapiga. Kiswahili juu, Kiingereza chini. Uuweke hewani, mdogo wako anasema GitHub, wale wenye ghala la kodi mtandaoni, wanakupa pa kuuweka bila malipo. Shangazi akiufungua kwa simu yake bila kunipigia kuniuliza abonyeze wapi, umemaliza. Ukishamaliza, na bado ukasema unaitaka hiyo kozi, mimi mwenyewe nitakwenda kwa mjomba wako kuomba. Lakini kabla ya hapo usitoe hiyo pesa.

Najua utasema baba anajua nini kuhusu kompyuta. Ni kweli. Vijana wa mashine ya kuchapa mabango walipofungua duka hapa barabara ya pili kutoka kwetu, mmoja wao alikuja mpaka barazani, akaniambia mzee, herufi zako zinafaa, njoo tuziingize kwenye mashine, tugawane. Nilikuwa na miaka 44. Nilimpa chai, akaondoka. Siku hizi naandika ubavu wa mashua na kuta za shule, na shule zenyewe mara moja kwa mwaka. Sikuandika haya unionee huruma. Nilitaka ujue kwamba yule kijana hakuwa ananitoza chochote.

Nimekutumia 30,000 kwenye simu. Ni ya bando na umeme, si ya yule bwana. Ilikuwa ya fundi bati, nimemwambia arudi mwisho wa mwezi. Lile bati la upande wa jikoni bado linavuja, lile lililonunuliwa kwa pesa ya ile kompyuta yako ya mezani. Kila mvua ikinyesha mama yako anaweka beseni na kunitazama. Sijui kwa nini nakuandikia hayo. Ilikuwa mashine nzito, ingekusumbua kuihamisha.

Mbuzi amezaa mapacha, mmoja dhaifu. LUKU inaisha haraka mno, nashuku jirani. Mchango wa harusi ya binti wa mzee wa msikitini umepangwa 20,000 kwa kila nyumba, usijali, wewe hukuhesabiwa. Embe za mwaka huu zimekuja na funza, lakini mama yako anakausha zisizo na funza akutumie kwa basi la Jumatano. Mpokee kondakta mwenyewe, usimtume mtu. Na anasema urudishe lile sufuria lake la pilau, anajua unalo.

Nijibu la pesa kwanza, hata kabla ya salamu.

Baba yako