Mdogo wangu, kuhusu ile nyumba ya Ilazo

Mdogo wangu,

Miezi minne sasa hupokei simu zangu. Naandika hapa kwa sababu najua hapa unapita.

Lile geti la bluu la nyumba ya Ilazo, hapa Dodoma, uliyowakodishia mama na mashangazi waje harusini, halinitoki. Saa tano usiku, mama na mashangazi wameshuka kwenye treni ya SGR, mizigo iko chini, upepo wa Juni unavuma vile unavyoujua. Mlinzi akafungua kamlango kadogo: "Mama, hapa hapapangishwi. Nyie ni wa tatu tangu Bunge lianze." Mama akajifunga kanga kichwani, akakaa juu ya ile ndoo ya karanga aliyokuletea. Akasema, "Basi tumngoje mwenye nyumba arudi." Hakuelewa. Mimi ndiye niliyemweleza, siyo wewe.

Najua ulitaka mama alale pazuri. Tangu utotoni wewe ndiye mwenye roho ya kutoa, na michango ya harusi uliikusanya vizuri kuliko sisi wote. Lakini vyumba vitatu kwa 60,000 kwa siku, Bunge la bajeti likiendelea, wakati huku tunagombania hata chumba kimoja cha gesti? Yule aliyejifanya mwenye nyumba alikutoa kwenye tovuti, akakupeleka WhatsApp eti akupunguzie. Zipo tovuti zinazoshikilia hela mpaka mgeni aingie ndani. Ukishatuma kwa simu ya mtu, hela imekwenda. Akakukimbiza: kuna mheshimiwa anaitaka, lipa leo. Na ile picha ya sebuleni, dirishani kuna mnazi. Ilazo minazi umeiona wapi? Hata jina lililotokea kabla hujaweka namba ya siri lilikuwa la mwanamke. Akasema ni laini ya mke wake, ukaamini, ukatuma 240,000 yote.

Usiku ule ule nilikwambia uwapigie watu wa mtandao wa simu wajaribu kuizuia, na namba ya yule tapeli uitume kwenda 15040, ya kuripoti matapeli. Ukanijibu, "Dada, usinifundishe." Ulipopiga asubuhi, ilishatolewa kwa wakala.

Unawaambia watu kwamba uliniomba nikaione nyumba, sikwenda. Ni kweli, uliniomba Jumatano. Lakini Jumanne ulishalipa! Mtoto alikuwa na homa, nami nilikuwa natoka kazini saa kumi na mbili jioni. Ningekwenda ningekuta nini, zaidi ya mlinzi yule yule? Ningejua mapema, sawa. Mama asingekaa kwenye ndoo. Hilo naliwaza kila nikipita barabara ile, usidhani siliwazi. Ila waliolala kwangu ni watu saba, kwenye mkeka na magodoro ya kuazima, shemeji yako akalala kwenye gari la jirani. Wewe ulikuwa saluni na bibi harusi. Hilo mbona hulisemi?

Mama anasema tuyaache. Anasema karanga zilifika salama.

Novemba mwanao anahitimu UDOM, na vyumba vitajaa tena. Jumamosi nimepita Makulu nikaona nyumba ya vyumba viwili. Nimekaa kitandani, nimefungua bomba, maji yanatoka. Nimemuuliza jirani, mwenye nyumba anamjua kwa miaka. Sijalipa chochote. Mwenye nyumba amesema ataishikilia hadi Ijumaa.

Nipigie.

Dada yako