Shukrani kwa mama wa kwenye foleni ya mashine

Mama yangu uliyejifunga kitenge cha kijani siku ile kwenye mashine ya kusaga, shikamoo. Jina lako sikuliuliza, ndiyo maana nakushukuru hadharani. Huenda mwanao akakusomea.

Ulinisikia nikimwambia shoga yangu kwamba masomo yangu yaliishia kidato cha pili nilipopata mtoto. Ukadakia bila kuombwa (wengine wangeita umbea, mimi nasema Mungu akuzidishie): "Si uende Chuo cha Maendeleo ya Wananchi?" Mimi nilidhani ni cha wanaume wenye vyeti. Ukanieleza kuwa vyuo hivi vilianza 1975, enzi za Mwalimu, kwa mfano wa vile vya Sweden, tena kwa ajili ya watu wa vijijini, wakiwemo wa darasa la saba. Ukanitajia na mpango wa Elimu Haina Mwisho kwa mabinti waliokatishwa shule, na kwamba mtoto hulelewa hapohapo chuoni mama akiwa darasani. Hilo la mtoto ndilo lililoninyanyua.

Ukaacha debe lako foleni, ukanipeleka kwa mtendaji nikaandikiwa barua ya utambulisho.

Sasa nasoma ushonaji na masomo ya sekondari. Chuo ni kidogo, vyerehani tunapokezana, ila mwalimu anakujua kwa jina.

Gauni lako nimeshaanza kulikata. Vipimo nimekisia, kwa hiyo pembeni nimeacha kitambaa cha kupanulia.